Mapigo sitini na mawili

Shosti uko? Nina hasira mpaka basi.

Chumba cha cherehani cha mama kimeshika moto mchana huu, pasi iliachwa kwenye umeme. Mama alikuwa ndani. Na aliyemtoa ni SHEMEJI. Yule yule aliyemtazama dada akilia wiki nzima huku yeye anakula. Wewe mwenyewe ulisema hana chembe ya huruma!

Kaingia kwenye moshi kama anafuata shati kabatini. Katoka na mama begani.

Nesi wa zahanati kampima shemeji mapigo ya moyo: sitini na mbili. Akadhani mashine mbovu, akarudia. Sitini na mbili!

Nikamuuliza, "Shemeji, kwa nini uliingia?"

"Mlikuwa mnapiga kelele."

Kelele!! Eti kelele zetu zilimkera!

Sasa mtaa mzima shujaa, shujaa. Mama kamng'ang'ania mkono, "mwanangu, mwanangu." Mtu wa hivyo anakuwaje shujaa?

Halafu nesi kanipima na mimi. Mia na arobaini.

Nampenda mama kuliko roho yangu, shosti. Na muda wote ule nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo tupu.