Bembea ya Mama

Kiambere, Jumanne

Na si eti sikukijaribu kitambaa cha bembea! Kule dukani Embu niliacha kununua turubai kwa sababu lingemchoma Mama mgongo kwa joto hili, nikachagua kitambaa chepesi cha pazia, kile kinachopitisha upepo. Nikashona bembea ya kulalia, nikaifunga kwenye miti miwili nyuma ya nyumba, nikaweka ndani gunia la ndengu. Ikashikilia mchana kutwa. Nikaridhika, mjinga mimi.

Gunia halijigeuzi. Gunia halina kiwiko.

Leo Mama amejigeuza mara moja tu, kitambaa kikapasuka kando ya mshono, akaanguka. Hajavunjika.

"Wacha tu, mwanangu, nitalala ndani," akasema. Ndani, chini ya mabati, ambako tangu augue hapati usingizi.

Sijui nishone na nini tena. Kizito kinachoma, chepesi kinapasuka, na mimi...

Lakini hilo silo linaloniliza. Gunia lile tulilibeba mimi na mume wangu, tukihema. Mama nimemwinua pale chini peke yangu, nikamfikisha kitandani, na hata sikuchoka.