Mama, Usimuuze Yule Mbuzi

Mtumba, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimeacha kukusumbua? Na baridi ya Mbinga je, imepungua? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haitulii. Nimekaa kuandika, nimeinuka kufunga dirisha maana upepo wa huku unaleta vumbi mpaka kwenye chai, nimekaa tena. Ningepiga simu, lakini ukiongea kwenye simu ya Elia nyumba nzima inasikiliza, na haya nataka uyapate wewe mwenyewe.

Mdogo wangu Elia ameniambia yote. Kwamba uliiona ile kadi ya mchango wa harusi yangu kwenye simu yake, ukaitazama, ukamrudishia. Kesho yake ukaanza kuulizia mnunuzi wa yule mbuzi mweusi. Ukasema bei isipotosha utabaki nyumbani utuombee. Mama jamani! Uuze mbuzi ili uingie kwenye harusi ya mwanao wa kumzaa? Nililia kazini mbele ya watu, nikasingizia vumbi.

Huku maofisini harusi haina mwenyewe. Ukishamtaja mchumba tu, inaundwa kamati, na vikao kila Jumamosi. Anayechanga kufikia kiwango anapewa kadi ya kuingilia ukumbini, asiyefikisha habari yake imeishia hapo. Mchumba wangu Daudi alipeleka namba za ndugu wa pande zote mbili ili waalikwe. Katibu akazichanganya na za wachangiaji, akatuma kwa mkupuo. Hakukusudia, lakini imekufika, na nimeona aibu mpaka sasa.

Na hizo kadi nilishazichukia kabla. Juzijuzi tulikwenda kwenye harusi ya mwenzetu wa ofisini. Mlangoni nikamkuta mama mtu mzima amesimama pembeni, mkeka mpya kwapani. Kumbe ni shangazi wa bwana harusi, katoka Kibakwe na zawadi yake, hana kadi. Aliyekuwa mlangoni anamwambia asubiri kidogo. Ndani keki ya maghorofa, mshereheshaji anapiga kelele, na shangazi mtu yuko nje. Mpaka tumpate wa kumruhusu, watu walikuwa wamekwisha kula. Alikaa na mkeka wake mapajani hadi mwisho.

Basi Jumamosi nikaenda kwenye kikao, mimi bibi harusi, jambo ambalo halifanyiki. Nikawaambia ukumbi sitaki. Tukitoka kanisani tunakula pale pale uwanjani parokiani, penye uzio na mlango mmoja: wali, nyama, na mlenda kwa wakwe zangu wa huku. Gauni nimeshampa fundi analishona, kwaya itatuimbia. Wageni wahudumiwe vizuri, wazee wale kwanza, kila mtu akae kwa heshima. Na kadi hakuna. Daudi jasho linamtoka. Yeye amewachangia wote wale, anaogopa wataona amewadharau, na njiani alikuwa amenisihi ninyamaze. Mama, sikunyamaza.

Mwenyekiti, ambaye ndiye bosi wa Daudi, akaniuliza, "Sasa bila kadi, mlangoni atasimama nani?"

Nikasema, "Mama yangu."

Nikajua nimeharibu. Ndipo Daudi, aliyekuwa anaangalia viatu vyake muda wote, akasema taratibu, "Na wangu atasimama naye."

Kikao kiliisha kwa kununiana, na sijui ni wangapi watakuja. Lakini mimi nimeshalisema, Mama, na wewe hujaniambia kama unakuja. Kila nikishika kazi naiacha, nakuwaza wewe na huyo mnunuzi.

Njoo na kile kitenge chako cha Jumapili, usinunue kingine. Elia akusindikize, nitawapokea stendi mwenyewe. Nisalimie bibi, mwambie dawa ya miguu naituma. Baba mdogo naye asije akasema hakuitwa. Yeye ndiye atakayenishika mkono kanisani badala ya marehemu baba. Na jirani yetu mama Kokoliko wa kuku wengi, msalimie sana, yeye na kuku wake.

Mbuzi mwache ale majani. Siku hiyo nitakutafuta mlangoni kwanza, na nisipokuona sitaingia kula, nitasimama nje kama yule shangazi.

Mwanao,
Anastazia