Picha Sita za Mji Mtupu

Jumamosi, 2 Agosti 1969

Zimefika! Na treni ya asubuhi — bomba la karatasi ngumu, limefungwa kamba, jina langu kwa mwandiko wa Lukumani, ule wa mchora ramani. Sikungoja kufika nyumbani. Nimefungua pale pale stesheni, nimekaa juu ya gunia la mtu.

Picha sita za Dar. Nyeusi na nyeupe. Majengo tu! Ghorofa jeupe, anga jeupe, kivuli kimoja cheusi. Ngazi. Baraza ndefu ya maduka. Mnara wenye saa. Hakuna nguo zilizoanikwa, hakuna baiskeli, hakuna mtu. Sijawahi kuona kitu kitulivu namna hii.

Barua yake: amegundua saa ambayo mji hauna watu. Mchana kweupe, barabara nzima yake peke yake! Kila wiki picha moja, wiki sita. Saa yenyewe hajaitaja. Anajisifu. Wacha ajisifu. Nimeisoma mara nne.

Lazima ziwe ukutani kabla ya Jumapili ijayo, Ami Ghalibu anapokuja. Baba hayupo tena, Ami ndiye wa kuniozesha. Akikataa, hakuna ndoa. Na juu ya Lukumani ameuliza jambo moja tu: huyu mtoto wa Nassibu fundi cherehani wa Igalula, huko Dar anasali? Hakuuliza mshahara. Nikajibu anasali, Ami, hakosi. Nilijibu haraka kidogo. Lakini mtu mwenye jicho hili atakosaje kusali?

Jumatatu, 4 Agosti

Nimegombana na fundi Shomari. Fremu amezichonga vizuri mno, za mninga. Nilipomwambia azipake nyeusi akaziweka chini, akaniangalia kama nimemtukana mama yake. Watu wanatoka Mwanza kufuata mninga wa Tabora, mwalimu, wewe unataka kuupaka masizi? Nikitaka nipake mwenyewe, yeye asiwepo.

Sawa! Nimepaka mwenyewe. Rangi nyeusi duka la ushirika hakuna tangu mwezi wa sita — nimetumia kiwi ya viatu. Makopo matatu. Zinang'aa!

Jumatano, 6 Agosti

Darasani nimefundisha mikono iko nyuma. Kiwi haitoki.

Ukuta nimeupiga chokaa mara mbili. Kalenda ya mwaka juzi nje. Maua ya plastiki nje. Picha ya Babu nimeihamishia chumbani kwa Mama, kwa heshima zote. Kisha nikazitundika, mstari mmoja, sita. Nimetoka nje, nikaingia tena kama mgeni. Nilitaka kulia.

Mama amekaa akazitazama moja moja. Akauliza, kwani mji umehamwa? Nikamwambia ndio mtindo, nafasi tupu ndiyo uzuri wenyewe. Akasema nafasi tupu Tabora zipo tele, haikuhitajika kuletewa kwa treni. Nimecheka hadi mbavu zikauma. Baadaye nimemfuma kasimama peke yake mbele ya ile ya ngazi.

Ijumaa, 8 Agosti

Mchana kutwa tumemenya karanga za shamba la shule. Zimenuka kiwi. Nimechoka. Keshokutwa!

Jumapili, 10 Agosti

Ami amefika saa nne, kanzu nyeupe pe. Shikamoo, marahaba. Akanusa, akauliza mbona nyumba inanuka viatu. Kisha akauona ukuta. Kahawa ikapoa. Halafu akasema, "Thuraya, hii ni kazi ya mtu mwenye subira."

Moyo wangu! Nilimwangalia Mama, Mama akaniangalia.

Akaenda kwenye ile ya mnara. Aende wapi tena — miaka thelathini sokoni anatengeneza saa za watu. Akatoa mfukoni kile kioo chake cha kazi, akakibana jichoni. Saa saba na dakika tano, akasema. Akahamia ile ya baraza. Maduka yote yamefungwa, makufuli mlangoni. Akahamia ghorofa jeupe, akaishusha, akainama kwenye pembe ya chini, pale penye vidoa ambavyo siku zote nilidhani ni njiwa. Akakaa hapo muda mrefu. Akanipa kioo.

Viatu. Viatu na makubazi, mamia, kwenye ngazi za msikiti.

"Viatu vingi hivi, siku gani?"

"Ijumaa, Ami."

"Wenyewe wako wapi?"

"Ndani. Wanasali."

"Na mwenye kamera?"

Mama akaanza kukusanya vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea.

Hakupaza sauti. Alinawa vidole, vyeusi kwa kiwi. Akasema labda zote sita ni za Ijumaa moja, na Ijumaa moja kijana huweza kupitiwa. Nikaitikia. Naona aibu kuandika hivi, lakini niliitikia. Barua ya wiki sita iko chini ya godoro langu.

Uamuzi: picha zibaki ukutani, ni nzuri. Lukumani aje. Afike Alhamisi, alale kwa Ami, Ijumaa waende pamoja. Baada ya hapo atanipa jibu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepeleka telegramu: NJOO. FIKA ALHAMISI TAREHE 21. LALA KWA AMI. IJUMAA ANATAKA KUWA NAWE. Nilitaka kuongeza neno moja kuhusu msikiti, lakini karani wa posta ni Yoramu, na Yoramu akijua, soko zima limejua. Nikaacha. Ataelewa tu.

Anakuja! Sijamwona tangu Machi. Naogopa, na bado nimeimba njia nzima.

Jumatano, 13 Agosti

Naandikia chumbani, nimefunga mlango. Ami yuko sebuleni, amekuja kuzitazama tena — mara ya tatu wiki hii! Mtu wa posta amenikuta naye mlangoni, akanipa jibu mbele yake.

NAFIKA ALHAMISI NA KAMERA. FURAHA SANA. IJUMAA SAA SABA NITAPIGA SOKO LA TABORA LIKIWA TUPU. AMI ANISINDIKIZE.

Nimesoma mara mbili. Nimecheka, nikajiziba mdomo. Nampenda mjinga huyu.

Ami ameuliza anasemaje. Nimejibu kutoka humu: anafika Alhamisi, Ami, ana furaha sana. Akasema alhamdulillahi. Kisha akasema nimletee hiyo karatasi aisome mwenyewe, kioo kiko jichoni tayari.

Nimemwambia nimeiweka mahali, naitafuta. Nasikia kiti chake kinasogea —