Heshima Iliyokukalisha Kitini

Shangazi,

Shikamoo. Machozi yameniisha, zimebaki hasira, na ndizo ninazokuandikia nazo.

Msibani kwako kila mtu alisema ni uzee. Bibi kaanguka, kavunjika nyonga, basi, kazi ya Mungu. Uzee gani? Ulipoingia yale makao ya wazee Misungwi ulishuka kwenye gari mwenyewe, ukakataa hata kushikwa mkono! Wewe uliyezunguka Igogo nzima na beseni la samaki sato kichwani, uje uangukie kati ya kitanda na choo?

Kilichokuangusha ni heshima ya wale wahudumu. Ukishika fagio, "Bibi kaa, sisi tupo." Ukifuata maji ya kunywa, "Jamani Bibi, unatutia aibu, kaa." Na goti wanakupigia, na shikamoo hazikatiki. Wakakukalisha kitini asubuhi mpaka jioni, mpaka miguu ikaisha nguvu. Uliniambia mwenyewe, "Hawa watoto wataniheshimu mpaka nisahau kutembea." Siku ile ukabanwa na haja, ukaita, ukaita tena. Wote wenye heshima hawakuwepo. Ukainuka peke yako.

Sasa sikia walichofanya baada ya kukuzika. Nilikwenda kuchukua nguo zako, nikamkuta Bibi Kulwa, mwenzako wa chumba, kafungwa kwenye kiti kwa khanga. Kafungwa, Shangazi! Kama mbuzi wa mnadani. Na khanga yenyewe ni yako, ile ya bluu. Matroni ananieleza kwa upole kabisa, eti tangu uanguke wameamua hakuna mzee kuinuka bila ruhusa, ni kwa usalama wao. Hata vishikio vya ukutani kule chooni hawajaweka. Khanga ndiyo dawa!

Nikalifungua lile fundo. Matroni akasema, "Akianguka, ni juu yako." Nikamwambia iwe juu yangu. Nikamshika Bibi Kulwa kwapani, tukatoka polepole mpaka kwenye ua. Anatweta, anasimama, anacheka, anakwenda tena. Hakuanguka.

Tuliporudi alinishika mkono, akauliza kama nitakuja tena, maana wakija kumfunga hana nguvu za kuwakatalia. Mtu mzima, bibi wa watu, ananiomba mimi nisimwache afungwe.

Basi nakuahidi, Shangazi. Kesho niko pale, na keshokutwa, na nitamtembeza mpaka mapaja yake yakumbuke kazi. Vishikio wataweka, wapende wasipende. Wakinifungia geti nitapiga kelele hapo hapo nje mpaka Misungwi nzima ijae kutazama.

Lala, mama yangu. Wewe sikukuwahi. Bibi Kulwa hafungwi tena mimi nikiwa hai.

Mtoto wa kaka yako,
Nyamizi