Simu ya Wifi Imejifunza Jina Lako

Mpendwa Mama,

Nakuandikia kwa kalamu, kwa mkono wangu, kwa sababu nilichokuja kukuambia sitaki kipitie kwenye mashine yoyote. Mashine zimenichezea vya kutosha. Tena nakuandikia nikiwa na furaha ambayo mchungaji wetu angeiita dhambi. Nimelipiza kisasi, Mama. Nimelipiza kwa njia yako, na hapa Kakamega sina mtu mwingine wa kumsimulia bila kuonekana mbaya.

Unamkumbuka yule jirani wa Chekalini aliyeusogeza mpaka, akala sehemu ya shamba letu la mahindi? Nilikuwa mdogo, lakini sijasahau kwamba hata jina lako alikataa kulitaja. Alikuwa anakuita "yule mwanamke wa hapo". Mimi nilitaka uende kwa chifu, au angalau umtukane barabarani watu wasikie. Wewe ukapanda maboga mpakani. Yakatambaa hadi upande wake, na mkewe akaanza kuja kuomba seveve, yale majani ya maboga. Ulimchumia majani mwenyewe, ukampa kwa mikono miwili, siku baada ya siku. Ikafika mahali watoto wa yule bwana wakiulizwa mboga imetoka wapi wanajibu, "Kwa Naliaka." Nyumba yake yote ikawa inakutaja huku yeye ameketi hapo na tonge la obusuma, ugali wetu, mkononi. Nilikuuliza kwa nini hukumtukana tu yakaisha. Ukanijibu bila kuacha kuchuma, "Matusi ataenda kuyasahau. Hii ataila kila siku."

Msimu uliofuata aliurudisha mpaka mwenyewe. Nimeishi na hilo jibu lako maisha yangu yote, ila sikuwa nimepata mtu wa kumlisha.

Ulipokuwa unaumwa hukuniomba mengi. Ulisema tu nikipata msichana nisikuache nje kwa baridi, nami nikakuahidi. Tulijua sote wawili maana yake. Kwetu marehemu hurudi nyumbani kupitia mtoto, na mtoto anayeitwa kwa jina lako anaketi mahali pako.

Basi nilimpata huyo msichana. Nikiwa bado kitandani hospitalini, nimechoka hata macho hayafunguki vizuri, nilichukua simu nikaandika kwenye kundi la familia ya mume wangu: tumepata msichana, anaitwa Naliaka. Nikatuma, nikalala. Simu yangu, ambayo haijawahi kushika jembe wala kuonja mahindi ya kuchoma, iliona Naliaka ni kosa la mtu asiyejua kuandika. Ikanisaidia. Ikaandika Natalia.

Nilipoamka pongezi zilikuwa zimejaa. Karibu Natalia, Mungu ambariki Natalia. Nikaandika haraka haraka kusahihisha, nikatuma bila kusoma, na kundi zima likaniona nimeandika: "Samahani, si Natalia, ni Natalia." Walicheka, Mama. Walituma vile vikatuni vya kucheka hadi machozi, na mimi nililia machozi yenyewe.

Nilipofanikiwa kuandika jina lako sawasawa, wifi yangu Rodah alikuwa ameshaagiza keki yenye Natalia kwa rangi ya waridi. Rodah ni dada mkubwa wa mume wangu. Ndiye anayeendesha boma lao la Butere, na tangu niolewe ananitazama kama mtu aliyeingia na matope sebuleni. Nilimpigia simu nikamweleza kwamba hilo ni jina la mama yangu, na kwamba simu ndiyo iliyolibadilisha. Akaniambia, "Si ni wewe mwenyewe uliandika? Hilo la simu ni zuri. Sisi hapa hatuitangi watoto majina ya kulima."

Jina la kulima. Ni kweli ulizaliwa watu wakipalilia, ndiyo maana ukaitwa hivyo, na kwa palizi hiyo ukanisomesha. Nilimwambia mume wangu amkanye dada yake. Akasema tuache tu, majina ni majina. Huyo naye nimemweka akiba.

Kwenye cheti mtoto ni Naliaka, lakini cheti hakimwiti mtu aje kula. Butere yote ilimwita Natalia, na mimi nikawa Mama Natalia, kanisani, sokoni, kila mahali. Nilikuwa nikiitwa hivyo nakuona wewe umesimama nje mlangoni na shuka lako la hospitali.

Kazini nako hakukuwa na nafuu. Nafanya kazi kwenye saiba hapa mjini, nachapa barua za watu na vijitabu vya mazishi. Kompyuta ya hapo ni pacha wa simu yangu. Naandika majina ya watoto wa marehemu, inayapigia mstari mwekundu mmoja baada ya mwingine. Naandika Lumakanda, mstari. Naandika Chekalini, mstari. Ukoo mzima unalala kwenye kioo umechorwa mistari myekundu, kana kwamba tulizaliwa kwa makosa. Niliichukia hiyo mashine hadi nikawa naifunika kwa kitambaa saa ya chakula ili isinitazame nikila.

Lakini ndiyo iliyonifundisha. Kuna mahali ndani yake unaweza kuiamuru: mtu akiandika neno hili, wewe weka lile. Mimi huandika herufi mbili, "jk" tu, na Jamhuri ya Kenya inajitokeza nzima. Simu nazo zina mahali hapo.

Krismasi tulienda Butere. Rodah alikuwa amenunua simu mpya na hajui kuitayarisha, akaniletea kwa sababu mimi ni mtu wa kompyuta. Nikaketi kando ya dirisha. Nikamwekea namba zake, picha zake, kundi la familia. Kisha nikaiamuru ile simu: mwenyewe akiandika Natalia, wewe weka Naliaka. Nilimrudishia kwa mikono miwili, Mama. Akanishukuru.

Sisi tukarudi mjini, mtoto akabaki kwa nyanya yake kwa muda. Rodah anapenda kutangaza, na mtoto alikuwa anaanza kutembea. Ujumbe wa kwanza ukaingia kwenye kundi: "Naliaka ametembea leo, hatua zake mwenyewe!" Niliuona nikiwa kazini nikaacha kuchapa. Mjomba wa Rodah na mume wangu, anayeishi Lumakanda, akajibu kwamba kumbe mtoto ana jina zuri hivyo, mbona walimficha. Rodah akakimbilia kusahihisha. Nilijua kinachokuja, nikasubiri na simu mkononi. Kikaja: "Si Naliaka, ni Naliaka."

Vile vikatuni vya kucheka vikarudi vyote. Safari hii nami nilituma kimoja. Kisha nikamwandikia: "Si ni wewe mwenyewe umeandika, wifi?"

Yule mjomba hakuishia hapo. Alimpigia simu dada yake, mama mkwe wangu, akamuuliza habari za Naliaka. Mama mkwe hasomi meseji, hakuwa anajua lolote. Akanipigia mimi, akauliza Naliaka ni nani. Nikamwambia ni wewe. Nikamwambia uliniomba nini ukiumwa. Halafu akasema, "Kumbe huyu ni mtu amekuja, na mnamwitanga jina lingine? Mtu akikuja kwako unamwambia yeye si yeye?"

Jumamosi alituita Butere. Aliagiza ingokho, kuku wa wageni, ichinjwe na akamwagiza Rodah aipike, kisha ambebe mtoto amtambulishe kwa waliokuja. Rodah alisimama katikati ya ile nyumba, mikono inanuka vitunguu, akasema, "Huyu ni Naliaka." Mama mkwe akasema hajasikia vizuri. Ikabidi alirudie. Sitaki kukudanganya kwamba nilimhurumia. Nilikula mapaja yote mawili.

Baadaye alinifuata jikoni na simu yake, sauti chini, akaniomba niitengeneze, kwa kuwa hata leo akijaribu kuandika lile jina lake, linatokea lako. Niliiangalia ile simu kwa makini, nikatikisa kichwa. Nikamwambia simu za siku hizi hujifunza zenyewe, na zikishajifunza jina ni vigumu kusahau. Nikipata nafasi nitaangalia.

Sitapata nafasi, Mama.

Ingia ndani sasa. Mlango uko wazi, na waliokuwa wameufunga ndio wanaokuita.

Ni mimi binti yako,
Mama Naliaka