Nani Anahama?

Idah, uko? Leo kanisani nimetamani ardhi inimeze.

Pasta alikuwa anaombea baba juu anastaafu mwezi ujao. Akasema, "Tutawamiss sana wakihamia Kinangop." Kumbe baba alikuwa amemwambia pasta tu; mathe, mamangu, hakuwa anajua chochote! Akasimama mbele ya watu wote: "Nani anahama? Mimi sijaambiwa."

SIJAAMBIWA, Idah. Kanisa nzima ikageuka kumwangalia baba.

Na unajua vile mathe anapenda hiyo boma yetu hapa Theta. Ng'ombe, kuku, mboga za sukuma, yote ameanzisha mwenyewe baba akiwa kazini Thika.

Kufika nyumbani mathe hakuvua hata kitambaa cha kichwa. "Baba Shiko, nimekukosea nini?"

 Baba akasema, "Hujanikosea. Lakini miaka thelathini nimekuwa nikija hapa kulala tu. Kila kitu hapa ni chako. Sasa nikistaafu, mchana nitakuwa nakaa wapi?"

Mathe akachukua kiti cha baba, akatoka nje. 

Saa hii anazunguka boma na kiti mkononi. Ameiweka chini ya avokado, akaitoa. Ameiweka karibu na banda la ng'ombe, akaitoa. Nimemwambia, "Mum, pumzika kidogo."

Akanijibu bila kuniangalia, "Ngoja, sijapapata."