Ninalala Nimekaa

Dada yangu,

Shikamoo. Huku bati lililokuwa likivuja limezibwa, na jirani yangu fundi cherehani amejifungua mapacha.

Mimi pumu bado. Nikijilaza tu, kifua kinabana na kupiga miluzi, kwa hiyo nalala nimekaa, nimeegemea ukuta. Juzi nilisinzia kazini, mikate yote ikaungua. Tajiri akaniambia, "Mama, nenda ukalale kwanza." Nilale vipi?

Shemeji yako amehamia kwa mama yake. "Nami nahitaji usingizi," alisema, akabeba mto wake. Mpaka leo hajarudi.

Sasa naogopa kufumba macho, maana nikikabwa hakuna wa kunisikia. Usiniandikie tena nivumilie, dada. Nimechoka hata kuvuta pumzi. Njoo ulale hapa, hata usiku mmoja.

Ni mimi,
kitindamimba wenu